Wakikusema kijiji kizima, fanya hivi

Niko huku Tandahimba, Mtwara, na namwandikia mtu ambaye saa hizi anapingwa, kusali ameshasali, lakini akiona watu wawili wanaongea pembeni tumbo bado linamkata. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, msimu mmoja nikakataa kupokea korosho za kangomba, zile mtu kamlipa mama wa watu tangu kifuku, wakati wa mvua, njaa ilivyokaza, kwa bei ya kutupa, halafu anataka zipite kwa jina la mkulima. Mwenye magunia alikuwa shemeji yangu. Wiki haikuisha, ikawa mimi ndo nachezea mizani, mimi ndo nakula kilo za watu, na kwenye grupu la WhatsApp la kijiji watu niliokula nao ubwabwa wa Idi wananiita mwizi.

Sasa kabla hujakimbilia maombi jiulize kama wanachosema kina ukweli. Wengi wanaruka hapa. Petro aliandika mtu asiteswe kama mwizi, kwa hiyo kama umechukua cha mtu rudisha, hilo ni deni, usilipake rangi ya vita vya kiroho. Mimi nilirudi kwenye daftari nikakuta watu wawili niliwaandikia pungufu kwa kukosea tu, mmoja kilo tatu, mwingine kilo moja na nusu, nikawafuata nyumbani. Aibu niliyoiona hapo acha tu, ila usiku ule nilisali mwepesi.

Ukimaliza hapo fungua Zaburi ya 52 uisome kwa sauti, na usiruke yale maneno ya juu kabisa, yanakwambia iliimbwa Doegi, mtumishi wa mfalme Sauli, alipomchomea Daudi utambi kwa bosi wake. Stori yenyewe iko 1 Samweli 22, umbea wa mtu mmoja ukaua makuhani 85 siku moja, na Daudi mwenyewe anakiri kwa Abiathari, mtoto wa kuhani aliyenusurika, kwamba yeye ndo chanzo. Hapo ndo Daudi anasema "nazitumaini fadhili za Mungu milele na milele". Yaani hajasema mambo yamekaa sawa, hayajakaa sawa hata kidogo.

Na hilo neno fadhili lisikupite. Sisi mtaani fadhila ni kitu unachodaiwa, nimekusaidia na wewe kesho unisaidie, usipolipa unaambiwa fadhila za punda. Kwenye Zaburi ni hesed ya Kiebrania, upendo wa mtu aliyefunga agano na haachii, hata siku ambayo wewe huna cha kumrudishia. Hilo lilinisaidia kuliko mahubiri mengi, maana nilikuwa nahesabu kwamba nimekataa rushwa basi Mungu ananidai ulinzi, kumbe nafanya naye biashara ya mali kauli.

Zile meseji usizijibu kwenye grupu. Fanya kama mfalme Hezekia kwenye 2 Wafalme 19, alipokea barua ya vitisho ya Waashuri akaenda kuikunjua mbele za Bwana. Mimi nilinakili kwenye karatasi neno kwa neno, pamoja na ile "tutamwona kama atalala hapa", nikaitandaza mkekani saa kumi alfajiri nikasema Baba soma mwenyewe. Sikusikia sauti yoyote. Ila niliamka pale nikaenda kuokota korosho shambani kama kawaida, na wiki nzima nyuma yake nilikuwa sijagusa kitu.

Halafu Zaburi ya 136, hii ifanye na watu wa nyumbani. Ina mistari 26 na kila mmoja unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele", mmoja anasema wengine wanaitikia. Mkishaizoea tungeni ya kwenu. Kwetu mke wangu alianza, "aliyetupitisha mwaka maua ya mikorosho yaliungua", tunaitikia, "aliyetuletea bodaboda usiku wa uchungu wa Salima", tunaitikia, na kale ka mwisho kakasema "aliyerudisha mbuzi", tukacheka mpaka tukasahau kama tunachukiwa. Msikimbilie makubwa ya Bahari ya Shamu, semeni yenu, yenye tarehe na jina la mtu, maana siku ya hofu ndo hayo yanashikika.

Nehemia naye, alipopingwa akijenga ukuta wa Yerusalemu, aliomba akaweka na walinzi, kwa hiyo stakabadhi zote tunza, mizani ikaguliwe mbele ya watu, kikao kikiitwa nenda na shahidi. Hiyo siyo kukosa imani.

Ngumu kuliko zote ni msiba. Shemeji alifiwa na mama yake katikati ya ugomvi, nikaenda kuchimba kaburi, nikapewa jembe bila salamu. Mama mdogo wangu, Mwislamu safi, aliniona narudi na vumbi akasema tu "Mungu si Athumani, mwanangu", akanipa maji ya kunawa.

Mpaka leo shemeji akiitikia salamu anaitikia nusu. Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa nitakaa kwenye mizani tena, na ile karatasi ya meseji bado ipo ndani ya Biblia, hapo hapo Zaburi ya 52, imeanza kuchanika kwenye mikunjo.