Kupima kiu ya mchicha kwa mizani ya jikoni

Ukitaja mabadiliko ya tabianchi hapa Dar es Salaam, watu watakuambia habari za mvua: masika yamechelewa, vuli imezidi, Jangwani hapapitiki. Mimi nafuatilia maji yanayoondoka kupitia majani, ambayo hakuna anayeyaona yakipita. Maabara hutumia vifaa vya bei mbaya kwa kazi hii, lakini kipimo cha msingi unaweza kukifanya uani kwako.

Hatua ya 1: Vifaa

Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali inayobeba kilo 5 na kusoma gramu moja moja, ndoo ndogo 7 za lita 2, foili, kipimajoto kinachosoma na unyevu wa hewa, na daftari la hesabu lenye viboksi. Ndoo kubwa ziache. Zikijaa udongo uliolowa, mizani hiyo haiziwezi.

Hatua ya 2: Kupanda

Toboa ndoo chini, kisha jaza udongo wa aina moja na uzito mmoja kwa zote. Mchanga mtupu wa Kigamboni haushiki maji, uchanganye na samadi iliyooza. Ndoo 3 panda mchicha, 3 matembele, ya 7 iwe udongo tu.

Mboga hizi mbili nimezichagua kwa makusudi. Zote utazikuta bonde la Msimbazi, ila majani yake hayafanyi kazi sawa. Mchicha ni mmea wa C4, kundi moja na mahindi na miwa: unanasa hewa ya ukaa vizuri hata stomata, yaani vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, zikiwa zimefunguka kidogo tu. Matembele ni C3, kama mpunga na maharage: kundi hili huhitaji stomata zifunguke zaidi.

Hatua ya 3: Kufunika udongo

Mimea ikishachanganya majani, mwagilia jioni mpaka maji yatoke chini, uache yachuruzike usiku kucha. Alfajiri funika udongo kwa foili, ibane kuzunguka shina bila kulinyonga, kisha ziba matundu ya chini kwa selotepu. Ndoo ya 7 nayo ifunike, na foili yake uitoboe tundu dogo mfano wa shina. Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kwa kazi hii hatujapoteza kitu: foili inarudisha jua, udongo hauchemki.

Hatua ya 4: Kupima

Hapa ndipo namba nyingi huharibika. Saa kumi na mbili asubuhi, futa umande wote kwa kitambaa kikavu, la sivyo utauhesabu kama maji ya mmea. Weka mizani mahali tambarare, ndani, kwa sababu upepo wa baharini unachezesha namba. Kabla ya kila zamu pima pakiti ya chumvi ambayo haijafunguliwa. Uzito wake ukibadilika, usiendelee: badilisha betri kwanza.

Toa ndoo nje kwenye jua, mbali na ukuta na bati. Saa kumi na mbili jioni pima tena. Tuseme ndoo ya mchicha ilikuwa gramu 3,142, jioni ikawa 2,987. Zimepotea 155. Ndoo ya 7 ikipoteza 9, mchicha wenyewe umetoa 146, yaani mililita 146, kwa kuwa gramu moja ya maji ni mililita moja. Mvua ikinyesha, siku hiyo ifute.

Hatua ya 5: Eneo la majani

Chora kwenye daftari jani kubwa, la kati na dogo, hesabu viboksi, kisha zidisha kwa idadi ya majani ya kila ukubwa. Gawanya mililita kwa eneo hilo. Bila hivyo unalinganisha mmea mnene na mwembamba.

Hatua ya 6: Kiu ya hewa

Saa nane mchana andika joto na unyevu. Hewa iliyoshiba mvuke ina shinikizo la mvuke la kilopaskali 3.78 kwenye nyuzi 28, 4.24 kwenye 30, 4.76 kwenye 32 na 5.32 kwenye 34. Unyevu ukiwa asilimia 60, pengo la kufikia kushiba ni asilimia 40 ya shinikizo hilo, na pengo hilo ndilo kiu ya hewa: kwa nyuzi 32 unapata 1.90, kwa nyuzi 34 unapata 2.13. Nyuzi 2 tu, na kiu imepanda kwa asilimia 12. Kwa hiyo hata mvua isipopungua hata tone, bustani itadai maji zaidi.

Lakini kuna mvutano. Hewa ya ukaa ikiongezeka, stomata hujibana na maji huokolewa, huku jani likipata joto zaidi kwa kukosa cha kulipoza. Ubishi mwingi kwenye utafiti wetu uko hapo.

Hatua ya 7: Kurudia

Pima wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kisha wakati wa kusi, Juni hadi Agosti. Chora grafu: kiu ya hewa mlalo, maji wima. Usiandike kwamba umepima mabadiliko ya tabianchi. Tabianchi huhesabiwa kwa miaka 30. Ulichopima ni namna mmea unavyoitikia hewa yenye kiu.

Ukitaka kujua ni mboga ipi inatumia maji vizuri, pima kila siku kwa wiki tatu, ukirudishia yaliyopotea. Vuna, osha mizizi, kausha mpaka uzito usishuke tena, kisha toa uzito mkavu wa mimea ya mfano, ya ukubwa uleule, uliyoing'oa siku ya kwanza, na ugawanye kinachobaki kwa maji yote yaliyotumika. Mizani ya jikoni haioni tofauti ndogo kiasi hicho. Mwombe sonara akupimie kwa yake.