Mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kuzunguka jiji na kadi ya nauli

Kama unaenda jiji kubwa ambalo mabasi na treni zake zinatumia kadi ya kujaza salio, tafadhali usisubiri mpaka ufike getini watu wamekupangia foleni nyuma ndo uanze kuuliza kadi inapatikana wapi. Haya yamalize kabla.

Kadi nunua mapema, siku hiyohiyo unayofika. Sehemu nyingi unaacha amana ya kadi yenyewe, kwa hiyo sio hela yote uliyotoa ni nauli, angalia salio uliloanza nalo na risiti usiitupe.

Kila mtu na kadi yake. Msidanganyane kwamba mtapita wawili na kadi moja, treni nyingi safari moja ni kadi moja, wa pili anabaki nje ya geti. Watoto uliza mapema, mara nyingi wana kadi yao ya nauli nafuu na unaweza kutakiwa kuonesha umri.

Usitegemee keshi. Mabasi ya London yaliacha kupokea keshi toka 2014, uwe na bulungutu usiwe nalo, bila kadi hupandi.

Isajili kama inasajilika. Kadi isiyosajiliwa ikidondoka ni noti imedondoka, aliyeokota ndo mwenyewe.

Sasa hili la kutenganisha kadi ndo nataka ulishike vizuri maana nimeona mtu akiteseka kwa ajili yake. Tulikuwa jiji moja na kaka yangu mkubwa, yeye kadi ya nauli kaiweka kwenye pochi na kadi ya benki, ile ya kugusisha, akawa anagusisha pochi nzima bila kuifungua. Geti linafunguka, anapita, safi kabisa. Usiku tunarudi geti likawaka nyekundu. Salio limeisha, na asubuhi alikuwa kajaza la kumtosha mpaka kesho yake, na kidirisha cha tiketi kimeshafungwa, treni za mwisho ndo hizo zinapita. Kaka akaanza kupandisha sauti kwamba kaibiwa. Bahati kulikuwa na mama mmoja mfanyakazi wa pale, akamwambia baba tulia, leta kadi niisome, akamuonesha safari moja baada ya nyingine: umeingia hapa, hujatoka. Umeingia hapa, hujatoka. Kaka anaapa katoka! Na kweli alitoka, ila wakati wa kuingia mashine ilisoma kadi ya nauli, wakati wa kutoka ikasoma ya benki. Mfumo ukiona umeingia na hujulikani umeshukia wapi unakukata nauli ya juu kabisa, na ile ya benki nayo ikaonekana imetoka bila kuingia, nayo ikakatwa ya juu. Yaani safari moja kalipa mara mbili, zote kwa bei mbaya, na hakujua mpaka usiku ule. Kudai zirudi ilikuwa fomu na kusubiri, na likizo yake ikawa imeshaharibika.

Inatokea hivi kwa sababu kadi hizi hazina betri. Ndani kuna chipu na waya mwembamba unaozunguka, ukiisogeza karibu na mashine ndo inapata nguvu ya kujibu, na ya benki iko hivyohivyo, kwa hiyo zikikaa pamoja itasomwa yoyote. (Ndo maana pia usiitoboe tundu la kamba, ukikata ule waya kadi imekufa.) Itoe kadi ya nauli, ishike peke yake, na uliyoingilia ndiyo ya kutokea. Hata simu yenye kadi yako ya benki ndani na kadi yenyewe ya plastiki, London zinahesabiwa kama vitu viwili tofauti japo akaunti ni moja, kwa hiyo ukichanganya unakosa pia ule ukomo wa nauli ya siku ambao ukishafikiwa hukatwi tena.

Kuna vituo havina geti kabisa, ni kinguzo tu chenye mashine ya kusoma kadi kimesimama pembeni. Usifuate mkumbo wa watu ukapitiliza, wengine wana pasi za mwezi. Kitafute, gusisha.

Na basi uliza taratibu zake. London unagusisha ukipanda tu, Singapore unagusisha ukipanda na ukishuka, ukisahau kugusisha wakati wa kushuka unakatwa kama umeenda mpaka mwisho wa ruti. Mipaka nayo iulizie, kadi ya Suica ya Tokyo inakubalika miji mingi ya Japani ila huwezi kuingilia Tokyo ukatokea Osaka kwa safari moja.

Ukijaza salio mtandaoni, mifumo mingine hela haiingii kwenye kadi mpaka uende kuigusisha kwenye mashine, jaza mapema sio ukiwa unakimbilia treni.

Mengine ni ya kawaida, jua treni ya mwisho ni saa ngapi, kama kadi iko kwenye simu chaji simu, mtu usiyemjua akitaka kukusaidia kwenye mashine ya kujazia usimpe kadi mkononi, mkaguzi akija muoneshe kadi bila ubishi, na geti likiwaka nyekundu usilisukume wala usipite mgongoni kwa mwenzio, hapo kuna faini, muite mfanyakazi aisome kadi kwanza.