Namna ya Kupima Unabii wa Siku za Mwisho Kabla ya Kuupigia Magoti

Unabii wa siku za mwisho unapokufikia, iwe ni kupitia spika za mkutano wa injili pale Kabwe, hapa Mbeya, ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, au jirani aliyetoka kwenye mkesha, jambo la kwanza ni kuchukua daftari na kuuandika kama ulivyosemwa. Andika nani amesema, amesema lini, kitatokea nini, na amewaagiza watu wafanye nini. Wengi huiruka hatua hii wakidhani wameshaelewa, kumbe kilichobaki moyoni ni hofu tu, na hofu haipimiki. Unabii ulioandikwa unaweza kuusoma tena asubuhi akili ikiwa imetulia, na unaweza kumpa mzee wa kanisa akausoma naye. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Kwa hiyo anayepima hajapungukiwa imani, bali anatii.

Ukishaandika, ifungue Biblia kwenye kila andiko lililotajwa na usome sura nzima. Ukianza na Mathayo 24, utakuta kwamba wanafunzi walimwuliza Bwana kuhusu dalili, na neno la kwanza alilowajibu lilikuwa onyo: “Angalieni, mtu asiwadanganye.” Vita, njaa na matetemeko vinafuata baada ya onyo hilo, na hapo hapo anasema kwamba mwisho wenyewe bado. Katika mstari wa 36 anaongeza kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika wa mbinguni, ila Baba peke yake. Basi ukiona tarehe katika daftari lako, kipimo hicho kimoja kinatosha. Wafuasi wa William Miller huko Marekani walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na baadhi ya wakulima waliacha viazi ardhini bila kuvichimba kwa kuwa hawakutarajia kuvihitaji tena. Siku ilipita kama nyingine, na majonzi yao yanakumbukwa hadi leo.

Ishara za angani zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu Bwana mwenyewe alizitaja. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na hapa kwetu watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama likiwa limebaki mfano wa pete karibu na saa sita mchana. Wataalamu wa elimu ya anga walikuwa wamekwisha kukokotoa siku, saa na mahali miaka mingi kabla, na ndiyo maana wageni waliweza kufunga safari mapema. Jambo linalojulikana hivyo halifai kutumiwa na mtu kama ufunuo wake binafsi. Mtukuze Muumba aliyeuweka utaratibu huo, kisha umwulize mhubiri anatumia andiko gani kulifunga tukio lile na mwaka anaoutaja.

Nakaa kidogo kwenye suala la chapa ya mnyama, ile alama inayotajwa katika kitabu cha Ufunuo, maana ndilo linaloogofya watu wetu kuliko yote. Karibu kila kitu kipya kinachoingia, iwe kitambulisho, chanjo au usajili wa laini kwa alama za vidole, hutokea mtu akasema kwamba hiyo ndiyo 666, hesabu ya mnyama huyo. Ili kulipima dai hilo, soma Ufunuo sura ya 13 bila kusimama mpaka uingie ya 14, ukikumbuka kwamba mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Yohana kuandika. Utaona kwamba mara tu baada ya chapa ya mnyama kutajwa, wanatokea watu 144,000 wenye jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Makundi yote mawili yana alama, na tofauti yao ni nani anayeabudiwa. Tena 14:9 inamtaja anayeipokea chapa kuwa ndiye huyo huyo anayemsujudu mnyama na sanamu yake. Rudi sasa kwenye Kumbukumbu la Torati 6, ambako Israeli waliamriwa kumpenda Mungu mmoja kwa moyo wote na kuyafunga maneno hayo juu ya mkono na katikati ya macho. Kwa maoni yangu, aliyezisoma sura hizi kwa pamoja hawezi kusadiki kwamba Mkristo ataipokea chapa kwa bahati mbaya akiwa kwenye foleni ya kitambulisho. Ibada hutolewa kwa moyo unaojua unachokifanya.

Hapo ndipo penye kipimo kikuu, na kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili: uliza unabii huo unayapeleka wapi magoti yako. Yohana, baada ya kuoneshwa yote, alianguka miguuni pa malaika ili amsujudie, naye malaika akamzuia akisema kwamba yeye ni mjoli wake tu, yaani mtumishi mwenzake, kisha akamwagiza, “Msujudie Mungu.” Jambo hilo limeandikwa mara mbili, katika sura ya 19 na ya 22, kwa hiyo hata mtume aliweza kupeleka ibada mahali pasipo pake, tena akiwa katikati ya ufunuo wa kweli. Petro alimwinua Kornelio akisema, “Simama, mimi nami ni mwanadamu.” Paulo na Barnaba walirarua mavazi yao kule Listra walipoona watu wanawaletea ng’ombe wa dhabihu. Mtazame basi mtumishi wa Mungu unayemfuata anapopigiwa magoti: je, anamwinua aliyepiga, au anamngoja amalize? Tena usidhani kwamba unabii uliotimia unamaliza hoja, kwa maana Kumbukumbu la Torati 13 inasema wazi kwamba nabii anaweza kutoa ishara ikatokea kweli, na bado asisikilizwe, iwapo anawavuta watu kuifuata miungu mingine. Na yule ambaye neno lake halikutimia, sura ya 18 inasema, “usimwogope.”

Baada ya hapo kagua nyumba yako. Yapo maduka Mwanjelwa ambako pembeni ya mizani imesimama chupa ndogo ya mafuta yenye picha ya mtumishi, na mwenye duka, kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza, huchovya kidole na kupaka pembe nne za droo ya pesa. Mafuta si dhambi. Yakobo anaagiza wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Lakini jiulize kama ungefungua duka kwa amani siku ambayo chupa imekwisha. Jibu likiwa hapana, basi tumaini limekwisha kuhama. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa iliagizwa na Mungu mwenyewe na iliponya watu jangwani, lakini mfalme Hezekia aliivunja vipande vipande kwa kuwa Waisraeli walikuwa wakiifukizia uvumba. Mjini Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ukiamua kuviondoa vitu hivyo, viondoe wewe mwenyewe kwenye chumba chako. Kama ni vya mama yako, usivitupe kwa siri wala usimcheke. Mwamkie, keti naye, umwambie, “Mama, naomba tuisome sura hii pamoja,” na umwachie nafasi ya kuamua.

Kuhusu fedha na kazi sihitaji kusema mengi. Unabii unaokutaka uuze shamba, utoe ada ya mtoto kama sadaka ya “mbegu”, au uache dawa ulizoandikiwa hospitali, usiutekeleze. Waliposema kule Thesalonike kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, Paulo aliwaandikia wasifadhaike upesi, na katika barua hiyo hiyo akawaambia kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Anayeamini kwamba Bwana yu karibu apande mahindi yake kwa wakati, apalilie, na akutwe akifanya alichopewa, kama yule mtumwa mwaminifu wa Mathayo 24.

Lipeleke daftari lako kwa watu wawili au watatu wanaolijua Neno na wasiofaidika na jibu, kwa mfano mchungaji wa usharika wako na mzee mmoja wa jumuiya, na ukubali kusubiri. Unabii wa Mungu hauharibiki kwa kupimwa wiki moja; anayekuambia uamue usiku huu huu kabla baraka haijapita anaogopa maswali yako.

Yapo mazingira ambayo hayangoji wiki. Kule Kanungu, Uganda, mamia ya watu walikufa katika kundi lililokuwa limetabiri kwamba dunia ingeisha mwaka 1999 ukikamilika, na kanisa lao liliteketea kwa moto tarehe 17 Machi 2000 wao wakiwa ndani. Katika msitu wa Shakahola, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kwa hiyo ukiona watoto wanaachishwa shule, wagonjwa wanazuiwa kwenda zahanati, watu wanahamishiwa porini wakakatazwa kuwasiliana na ndugu zao, au mfungo usio na mwisho, mwone mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji siku hiyo hiyo, na kama kuna watoto ndani, nenda moja kwa moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ukiwa na lile daftari lenye majina, tarehe na maagizo waliyopewa.