Kutumia akili unde kwenye makala ya utafiti wa afya: hatua kwa hatua, kutoka Tabora

Hapa Tabora watumishi wa afya wanaoandika makala za utafiti wameongezeka. Wapo wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, wapo wanaosoma uzamili huku wakiwa kazini Nzega au Kaliua, na wengi wao wana ChatGPT, programu ya akili unde (AI), kwenye simu. Kazi yangu ni kuwasaidia kupanga data na kusafisha miswada kabla haijaenda kwa mhariri. Swali la kwanza huwa "hivi inaruhusiwa?" Kwa sehemu kubwa inaruhusiwa. Kinachowakwamisha watu ni kutafuta maelezo siku ya kutuma, wakati hakuna anayekumbuka programu ilitumika kwenye aya ipi, wala nani aliitumia.

Hatua ya 1: Fungua daftari kabla ya kufungua programu

Kaunta buku inatosha, au faili la Excel. Weka tarehe, jina la programu na toleo lake, ulichoiagiza, ulichokichukua, na nani alihakiki. Toleo liandikwe, maana programu ya Machi na ya Septemba zinaweza kuwa na jina moja na majibu tofauti kabisa. Mkiwa waandishi watano, daftari liwe moja. Yule "aliyerekebisha Kiingereza tu" ndiye husahau kuandika.

Siku hiyohiyo soma maelekezo kwa waandishi ya jarida unalolilenga. Majarida mengi ya tiba hufuata mapendekezo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo Mei 2023 iliingiza maelekezo kuhusu akili unde. Jarida lako linaweza kuwa kali zaidi ya hapo, na lake ndilo utakalolifuata.

Hatua ya 2: Taarifa za mgonjwa hazitoki

Hapa sina mjadala na mtu. Chukua mstari kama huu, ambao nimeutunga: "ME, 41, mrina asali, kijiji fulani wilayani Kaliua, malale, Julai." Jina halimo, namba ya faili haimo, na mtafiti anaamini ameshaficha utambulisho. Lakini malale siku hizi huwapata watu wachache sana. Uliza pale kijijini ni mrina asali gani aliyelazwa kwa malale mwezi wa saba, utaonyeshwa hadi mlango wake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na imeweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Ukibandika orodha ya wagonjwa kwenye programu ya bure mtandaoni, huenda umeshazisafirisha bila kibali cha yeyote.

Njia ninayoitumia ni kuipa programu umbo la data badala ya data yenyewe. Andika majina ya safu: umri, jinsia, wilaya, majibu ya mRDT (kipimo cha haraka cha malaria). Tunga mistari mitano ya uongo. Omba msimbo (maagizo ya kompyuta) wa R au Stata, ambazo ni programu za takwimu, kisha uuendeshe mwenyewe kwenye kompyuta yako juu ya data halisi. Ukimaliza, angalia idadi ya waliohesabiwa. Misimbo ya namna hii hupenda kuondoa kimyakimya mistari yenye nafasi tupu. Umeingiza washiriki 412, jedwali linasoma 367, na hakuna onyo lolote lililotokea. Jedwali moja dogo lihesabu kwa mkono, ulinganishe.

Mahojiano ya sauti yana mtego wake. Kama fomu ya ridhaa ilisema sauti itasikilizwa na watafiti pekee, kuipakia kwenye huduma ya mtandaoni ya kugeuza sauti kuwa maandishi ni kuvunja ahadi uliyompa mama wa watu. Jambo hilo liwe kwenye andiko la utafiti tangu linapopelekwa kamati ya maadili, na kwenye fomu ya ridhaa pia. Kama utafiti umeshaanza, omba marekebisho ya kibali kwanza. Na kwa mahojiano ya Kiha au Kinyamwezi, mimi bado namlipa mtu anayeijua lugha.

Hatua ya 3: Kunyoosha Kiingereza, aya moja moja

Wengi wetu tunaihitaji programu hapa, na si aibu. Ila usiimwagie mswada mzima. Peleka aya moja, weka ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, soma kila kitenzi. Wewe uliandika kwamba kulala bila chandarua "kulihusishwa na" malaria, kwa kuwa utafiti wako ulipima watu mara moja tu. Programu, kwa kutaka sentensi iwe na nguvu, inakurudishia kwamba "kulisababisha". Kiingereza kimependeza, na hitimisho lako limekuwa la uongo. Maneno ya tahadhari kama "huenda" na "miongoni mwa waliopimwa" nayo hupotea. Yarudishe.

Hatua ya 4: Kila rejeo lifunguliwe

Programu hizi hutunga marejeo yanayofanana na ya kweli: mwandishi anayejulikana, jarida lililopo, mwaka unaoaminika, ila makala yenyewe haipo. Bandika DOI (namba ya utambulisho ya makala) kwenye doi.org, tafuta kichwa PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, halafu fungua makala usome sehemu unayoinukuu. Na usiinukuu programu kama chanzo, ICMJE haikubali.

Rejeo la kweli nalo linaweza kubeba takwimu isiyo yake. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza kwa maambukizi ya watoto wa miezi 6 hadi 59, takribani asilimia 24. Ule wa afya na demografia wa 2022 uliikuta Tabora ikiongoza, takribani asilimia 23, wakati taifa lilikuwa asilimia 8. Namba zinakaribiana, mikoa ni jirani, na programu huzichanganya bila wasiwasi. Mhakiki, yaani mtaalamu anayeombwa na jarida kuupima mswada wako, akiwa anaijua kanda hii atakukamata kwenye aya ya kwanza.

Hatua ya 5: Picha

Usitengeneze picha ya kisayansi kwa akili unde. Februari 2024 jarida moja liliondoa makala yenye mchoro wa panya uliotengenezwa na Midjourney, programu ya akili unde ya picha, wenye viungo vya ajabu na maandishi yasiyosomeka, nao ulikuwa umeshapita kwa wahakiki. Grafu iliyochorwa kwa msimbo kutoka data yako ni jambo jingine. Hiyo ieleze tu.

Hatua ya 6: Andika tamko

Programu haiwi mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa usahihi wa kazi. Tamko liende kwenye barua kwa mhariri na ndani ya makala: msaada wa lugha kwenye shukrani, uchambuzi na grafu kwenye mbinu. Mfano:

"Tulitumia ChatGPT (andika toleo), Machi hadi Mei, kunyoosha lugha ya utangulizi na mjadala, na kuandaa msimbo wa R wa Mchoro wa 2. Hakuna taarifa ya mshiriki iliyoingizwa kwenye programu. Waandishi wote walihakiki kazi hii na wanawajibika kwa maudhui yake."

Kama utafiti ulipitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, mswada unaoombewa ruhusa ya kuchapisha uwe na tamko hilo tayari.

Vipo pia vigunduzi vya maandishi ya akili unde. Visikutishe, ila vijue. Watafiti wa Stanford walivijaribu saba mwaka 2023 kwa insha za watu wasiozaliwa na Kiingereza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Mhariri akikuuliza, mtumie rasimu za mwanzo na nakala ya daftari, bila kugombana.

Hatua ya 7: Ukiitwa kuhakiki kazi ya mwenzako

Mswada uliotumiwa ni siri. Usiupakie kwenye programu hata kwa muhtasari tu. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, iliwapiga marufuku wahakiki wake wa maombi ya fedha kufanya hivyo tangu Juni 2023. Kwenye majarida, muulize mhariri kwanza, hata kama unataka kunyoosha tu Kiingereza cha ripoti yako. Asipojibu, andika kwa Kiingereza chako hivyohivyo.