Kabla ya Kupanda Meli ya Kimberley, Soma Kwanza Bamvua

Mtu wa pwani yetu ukimwambia maji yanapwa na kujaa kwa mita 4, hashtuki. Ndiyo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ya Mombasa au Dar es Salaam, kaizoea tangu utotoni. Sasa mwambie kwamba huko Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, bahari hushuka mita 10 ndani ya saa sita hivi, na karibu na mji wa Derby hukaribia mita 12. Ni kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Mikoko uliyoipita asubuhi ikiwa imezama mpaka kwenye majani, ukirudi mchana unaikuta imesimama juu ya tope, mizizi nje, na mamba amejilaza chini yake.

Nimeanza na maji kwa sababu wengi wanaopanga safari hii ya meli ya utalii huanza na bei, kisha likizo, kisha aina ya chumba. Mambo ya maji hawayaulizi mpaka wamefika, na hapo tarehe haibadiliki tena. Kwa pwani hii mimi ningeanza na kalenda ya mwezi.

Sababu ni hii. Vitu viwili ambavyo karibu kila msafiri wa Kimberley huvifuata ni kazi ya maji yenyewe. Kimoja ni maporomoko ya ulalo ya Talbot Bay, ambayo Wadambimangari wenye eneo hilo huyaita Garaan-ngaddim. Hakuna mto unaoanguka hapo. Kuna safu mbili za vilima zilizosimama sambamba, kila moja ina ufa mwembamba, na maji ya bahari yanapopwa au kujaa hayawahi kupenya yote kwa wakati. Upande mmoja hujaa kuliko mwingine, tofauti ikafika mita kadhaa, na bahari ikamwagika kupitia ufa kama mtu aliyeinamisha beseni. Siku za maji mafu, yaani maji yanapopwa na kujaa kidogo tu, mtelemko huo hupoa ukawa mkondo wa kawaida tu, na aliyelipa nauli yake hubaki akiuliza picha za kwenye matangazo zilipigwa wapi.

Cha pili ni Montgomery Reef, mwamba wa matumbawe wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 400. Maji yakijaa huoni kitu, ni bahari tu. Nenda na boti ya mpira maji yanapoanza kupwa, zima injini, usikilize. Kwanza unasikia mchirizi, kama bomba lililoachwa wazi chumba cha pili. Halafu mstari wa rangi ya kahawia unajitokeza juu ya maji, unarefuka, na baada ya nusu saa uko ndani ya mfereji wenye kuta pande zote mbili, kila ukuta ukibubujika maji yaliyonaswa juu ya mwamba. Kasa walioteleza na maji wanatoa vichwa kandokando ya boti, na yangeyange wanatua kuokota samaki waliokwama. Unaona kama nchi inapanda, kumbe ni maji yanayoondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, iulize kampuni maswali mawili: meli itakuwa Talbot Bay tarehe ngapi, na Montgomery tarehe ngapi? Kisha tazama mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Safari ya siku 10 hadi 14 itapita bamvua na maji mafu vyote viwili, na huwezi kupata kila kitu. Maji mafu nayo yana heri zake: mikondo inatulia, tope linatua chini, kushuka ufukweni kunakuwa kwepesi. Muhimu ni bamvua iangukie mahali pake. Jambo jingine la kujua mapema: serikali ya Australia Magharibi, kwa kuwasikiliza Wadambimangari, imeamua kwamba ifikapo 2028 boti hazitaruhusiwa tena kupita ndani ya zile nyufa, bali kutazama kutoka nje. Baadhi ya matangazo bado yanauza kupita katikati, basi soma vizuri unachonunua.

Baada ya mwezi, msimu. Meli hufanya kazi kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba. Kati ya Novemba na Aprili ni masika ya huko na vimbunga, hakuna anayekwenda. Ukitaka maporomoko ya kweli, yale ya mto, nenda Aprili mwishoni au Mei. King George, maporomoko pacha yenye urefu wa mita 80 hivi, hunguruma miezi hiyo, lakini ikifika Agosti yanaweza kuwa kamba mbili za maji, au ukuta mkavu wenye madoa meusi. Ukitaka nyangumi, ngoja Julai mpaka Septemba, wanapopanda kutoka kusini kuja kuzalia Camden Sound. Juni na Julai ndiyo miezi ya hewa nzuri zaidi. Mimi ningechagua Mei, lakini mimi napenda maji yanayoanguka kuliko mkia wa nyangumi kwa mbali.

Meli iwe ndogo. Sisemi hivyo kwa kupenda anasa. Ukishatoka Broome, mji wa kupandia meli, na kuipita Derby, mpaka Wyndham huko mashariki karibu hakuna gati la kumshusha mtalii, wala duka, wala barabara ya lami inayofika ufukweni. Kila kushuka ni kwa boti ya mpira. Meli ya watu 36 inawashusha wote kwa mara moja. Meli ya mamia inawagawa zamu, na zamu ya tatu inafika wakati maji yameshaondoka.

Kushuka huko ndiko kunakohitaji maandalizi ya mwili. Nilisafiri na shangazi yangu, ambaye magoti yake yameshakataa ngazi. Siku ya kwanza alisimama kwenye ukingo wa meli, boti inapanda na kushuka na wimbi, akampa baharia kiganja kama anayesalimiana naye. Kijana akakataa. "Sivyo, mama." Akamshika kifundo cha mkono na kumwonyesha amshike na yeye kifundo chake, hivi kwamba mmoja akiteleza mwingine bado kamkamata. Mkono wa pili uwe mtupu: hakuna simu wala mkoba. Unangoja boti ipande, unakanyaga ukingo wa mpira, unashuka ndani, unakaa papo hapo. Hakuna kurukaruka. Miezi miwili kabla ya safari, panda ngazi za nyumbani kila siku, na ufanye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki. Ni mzaha mpaka siku unapokuwa na mguu mmoja kwenye boti na mwingine melini.

Viatu viwe jozi mbili. Vya kwanza vya kulowa, vyenye soli ngumu na vinavyobana kisigino, kwa sababu mara nyingi utashukia kwenye maji ya magoti na chini kuna chaza wanaokata kama wembe. Ndala ziache Broome. Vya pili ni vya kupanda miamba, viwe vimeshavaliwa na kuzoea mguu. Shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba ya kidevuni, mafuta ya kuzuia jua, chupa ya maji ya lita moja na nusu. Malaria haipo Australia, lakini jioni kwenye mikoko kuna usubi, na usubi wa Kimberley hauna heshima.

Kuogelea baharini usahau. Mamba wa maji chumvi wapo kwenye mito, kwenye fukwe, hata kilomita nyingi baharini, na tangu walipoanza kulindwa kisheria mwaka 1970 wameongezeka. Mwaka 1987 mwanamke wa Kimarekani aliuawa na mamba pale Kings Cascade, kwenye mto Prince Regent, mahali ambapo meli hadi leo huwapeleka wageni kutazama maji yakitiririka kwenye ngazi za mawe. Usining'inize mkono nje ya boti, usichuchumae ukingoni kunawa. Kiongozi akionyesha kidimbwi cha juu, kilicho nyuma ya maporomoko ambayo mamba hawezi kuyapanda, hapo oga mpaka uchoke.

Nchi hii ina wenyewe. Wadambimangari, Wawunambal Gaambera na Wabalanggarra wanatambuliwa kisheria kuwa wenye ardhi, na kwa Wawunambal Gaambera mgeni hulipia kibali maalumu cha kuingia. Uliza kama kimo ndani ya nauli yako, na kama kuna mwenyeji atakayepanda meli kuwasimulia. Pasipo mwenyeji utaona michoro tu mapangoni: Wandjina wenye macho makubwa bila mdomo, ambao kwa wenyewe ndio waletao mvua, na Gwion, watu wembamba waliovaa mapambo ya kichwani. Mchoro wa kangaruu uliotangazwa na watafiti mwaka 2021 ulikadiriwa kuwa na miaka karibu 17,300, kwa kupima viota vya nyigu wa udongo vilivyojengwa chini na juu ya rangi. Mwamba wenyewe una miaka bilioni 1.8 hivi, tangu kabla ya kuwepo mnyama yeyote. Ukiambiwa weka kamera chini, weka. Ukiambiwa usiguse, hata kivuli chako kisogeze. Mifupa iliyoonekana kwenye ufa wa jiwe ni ya marehemu wa watu, si kitu cha kuchungulia.

Kuna kitu kimoja kitakachokufanya uhisi uko nyumbani. Careening Bay umesimama mti mnene wenye shina pacha, umechongwa maandishi HMC Mermaid 1820. Nahodha Phillip Parker King alilivuta jahazi lake ufukweni hapo kwa sababu lilikuwa linavuja, na mabaharia walipokuwa wakilitengeneza mmoja akachonga. Ule ni mbuyu. Si sawasawa na wetu, ni binamu yake, na nje ya Afrika, Madagaska na Bara Arabu mibuyu ya asili iko upande huu wa Australia peke yake. Shangazi aliuangalia, akaupiga kofi kidogo kama anayemsalimia jamaa, kisha akauliza kama wanakula ubuyu. Wanakula, na hata mizizi ya miche yake huliwa.

Dawa zako gawa mafungu mawili, moja mkobani na moja kwenye sanduku. Meli inaweza kuwa na daktari au isiwe naye, uliza, lakini hospitali haina. Ukizidiwa utachukuliwa kwa helikopta au ndege, kwa hiyo bima lazima itaje waziwazi uokoaji wa dharura kutoka baharini. Ile bima ya bei chee unayonunua pamoja na tiketi mara nyingi haitaji. Kuhusu kichefuchefu, sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, ila kipande cha mashariki kuelekea mji wa Darwin kiko wazi. Meza kidonge kabla ya kung'oa nanga, si baada ya kuanza kutapika.

Makaratasi yanachukua muda kuliko mengine yote. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaomba viza ya mgeni, namba 600, kwa njia ya mtandao, na huenda akaitwa kutoa alama za vidole. Anza miezi minne kabla. Kama meli itagusa bandari ya nje, tuseme Indonesia au Timor-Leste, hakikisha viza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Beba kadi ya homa ya manjano: aliyelala Kenya, Uganda au Congo ndani ya siku sita kabla ya kufika ataulizwa, na kubadilisha ndege Doha hakukufutii. Kwenye fomu ya uwanja wa ndege, chochote cha kuliwa, cha mti au cha ngozi kiandike. Faini yao si ya kuombea punguzo. Achari ya mama, asali, kinyago, hata viatu vyenye tope la shamba, vitaje. Ukivitaja, kibaya zaidi watavichukua.

Chakula maalumu kiombe wiki kadhaa mapema, maana meli ikishatoka Broome hakuna pa kununua. Nyama halali wanaweza kuitafuta wakijua, na samaki wapo kila siku. Kwa wanaoswali, kibla kutoka huko ni upande wa magharibi, kikielekea kidogo kaskazini, lakini meli ikiwa nangani hugeuka na mkondo: ukuta ulioulenga isha, alfajiri uko mashariki. Beba dira ndogo, kwa sababu simu haitakuwa na mtandao siku nyingi. Waambie wa nyumbani hivyo kabla hujaondoka, wasije wakaweka matanga.

Fika Broome siku mbili kabla ya meli, si asubuhi ileile, maana ndege ya kutoka Perth ikichelewa nahodha hangoji, naye anafuata maji. Ukiwa hapo, nenda rasi ya Gantheaume ukaone nyayo za dinosaria kwenye mwamba, za miaka kama milioni 130. Huonekana pale tu maji yanapokupwa sana. Ukikuta yamejaa, juu ya genge wameweka nakala za saruji. Mimi nilipiga picha za saruji.