Kutafuta tarehe ya kweli katika tasnifu ya historia: hatua kwa hatua, kutoka Bagamoyo

Likizo iliyopita binti wa dada yangu, anayesoma historia mwaka wa tatu chuo kikuu, alikuja kukaa nasi Bagamoyo akusanye masimulizi ya wazee kwa ajili ya tasnifu yake kuhusu maisha ya mtaa mmoja wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Nami nilisomea fani hiyohiyo, na nilipopitia daftari lake nikaona kosa lilelile lililonigharimu mimi nilipokuwa na umri wake. Nimeandika mwongozo huu kwa kufuata njia tuliyopita naye. Hatua ya tano ni ndefu kuliko nyingine zote kwa sababu ndiyo isiyofundishwa darasani, na ndiyo inayoharibu kazi nzuri.

Hatua ya kwanza: chagua mada inayoenea katika kurasa zako

"Bagamoyo chini ya Wajerumani" si mada ya tasnifu ya shahada ya kwanza, na asili ya jina la Bagamoyo imeandikwa mno. Chagua mtaa mmoja, kazi moja au msikiti mmoja, kisha uweke mpaka wa miaka isiyozidi ishirini.

Hatua ya pili: vibali

Barua ya utambulisho ya chuo hupita mkoani, wilayani, katani na mtaani. Anza mapema, na utoe nakala za kutosha.

Hatua ya tatu: soma maandishi kabla ya kuwaendea watu

Pita kwanza Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ukaone kuna majalada gani ya wilaya yako. Kwa habari za karne ya 19, kumbuka kwamba wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanzisha kituo chao Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa na desturi ya kuandika matukio ya kila siku kwa Kifaransa, na tarehe zao ni nanga nzuri kwa mtafiti. Chukua penseli na daftari la karatasi. Simu inapiga picha vizuri, lakini nimeona wanafunzi wengi wanaorudi nyumbani na picha mia tano wasizojua zilitoka jalada lipi, ilhali anayenakili kwa mkono husoma anachonakili.

Hatua ya nne: mahojiano

Nenda jioni baada ya swala ya Alasiri, wakati wazee wanapokaa barazani. Amkia, jibu maswali ya ukoo wako kwa ukamilifu, kwa kuwa mzee anataka kujua anazungumza na mtoto wa nani kabla hajakufungulia mambo ya watu. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Usiulize, "Ilikuwa mwaka gani?" Mzee mwenye adabu atakupa mwaka wowote ili asikuvunje moyo, nawe utaubeba mwaka huo hadi kwenye sura ya hitimisho. Uliza, "Ilikuwa msimu gani, babu? Mlikuwa mmefunga? Nani alikuwa amefariki, nani alikuwa hajaoa?"

Hatua ya tano: kuigeuza kauli ya msimulizi iwe tarehe

Nilipokuwa mwanafunzi, mzee mmoja alinisimulia moto ulioteketeza nyumba za makuti mtaani kwake, akasema ulitokea "Mfunguo sita, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, watu wametoka kwenye Maulidi." Katika daftari niliandika: "mwezi wa sita, 1960". Kwa siku mbili nzima nikapekua magazeti na taarifa za Juni 1960, ukurasa kwa ukurasa, nisipate hata mstari mmoja, nikaanza kuamini kwamba mzee amechanganya mambo. Aliyenifumbua macho ni bibi yangu, nilipomlalamikia jikoni. Aliacha kupeta mchele akaniuliza, "Mfunguo sita unaanza kuuhesabu wapi?"

Miezi ya pwani huhesabiwa kuanzia pale watu wanapofungua baada ya Ramadhani. Mfunguo mosi ni Shawwal, ambao katika kalenda ya Hijria ni mwezi wa kumi. Mfunguo nne ni Muharram, mwezi unaoanza mwaka mpya wa Hijria, na Mfunguo sita ni Rabiul-Awwal, mwezi wa Maulidi. Baada ya Mfunguo tisa hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe, ambayo haina namba. Kwa hiyo neno "sita" lingeweza kunipeleka katika miezi mitatu tofauti: Juni ya kizungu, mwezi wa sita wa Hijria, au Rabiul-Awwal, na ni huo wa mwisho tu aliokusudia mzee. Mwaka 1960 Rabiul-Awwal ilianza katika wiki ya mwisho ya Agosti, na Maulidi yakaangukia mwanzoni mwa Septemba. Nilirudi kwenye magazeti ya Septemba, na habari ya moto nikaikuta siku hiyohiyo kabla ya Adhuhuri. Mzee hakuwa amekosea hata siku moja. Aliyekosea ni mimi niliyefasiri maneno yake ndani ya daftari badala ya kuyaandika kama yalivyotoka kinywani.

Basi sharti la kwanza: gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili. Kushoto andika maneno ya msimulizi bila kubadilisha hata neno moja. Kulia andika hesabu yako, kwa penseli, ili uweze kuifuta.

Sharti la pili ni kujua siku inaanza lini. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule ambao redio inauita Alhamisi usiku. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa saa sita usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ambayo ilikuwa Jumamosi. Mzee anayesema kwamba usiku wa Jumamosi alikesha akisubiri Uhuru anasema sawasawa, lakini mwanafunzi asiyejua hesabu hii ataiweka simulizi hiyo jioni ya tarehe 9, saa nyingi baada ya bendera kupanda. Kumbuka pia kwamba taarifa za Kiingereza huhesabu saa kwa mtindo wao, na kwamba saa nne ya usiku ya msimulizi ndiyo saa kumi yao.

Sharti la tatu linahusu mwaka wa Hijria, unaopungukiwa na siku kumi au kumi na moja ukilinganishwa na wa Miladia. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Chukua 1307, mwaka uliomo katika jina la utenzi maarufu wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vya kutamalaki Mrima, pwani yetu hii: utapata 1889 na ushei. Lakini hesabu hiyo haikupi mwezi. Mwaka 1307 ulianza mwishoni mwa Agosti 1889 ukaisha katikati ya Agosti 1890, kwa hiyo anayeandika "1307, yaani 1889" amekata zaidi ya nusu ya mwaka. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na hiyo imo ndani ya 1307, katika Mfunguo saba. Ila vita alivyoviongoza vilianza mwaka 1888, kabla ya 1307 kuingia. Mahali pasipo na mwezi, andika miaka yote miwili: 1889/1890.

Kwenye makaburi na barua za hati ya Kiarabu, tahadhari na sifuri, kwa kuwa huandikwa kama nukta tu. Chokaa ikibanduka au wino ukififia, 1307 hubaki inaonekana kama 137. Mbili na tatu nazo hutofautiana kwa jino moja dogo. Mulika tochi kwa ubavu, usimulike usoni mwa jiwe, na alama iliyolika itajitokeza kwa kivuli chake.

Sharti la nne ndilo nilipendalo zaidi, kwa sababu huwapa heshima wasimulizi wasiojua mwaka kwa namba. Miezi ya mwandamo huzunguka misimu yote na kurudi ilipokuwa baada ya miaka ipatayo thelathini na tatu, wakati kaskazi, masika na kusi havihami mahali pake. Mtu akikupa vyote viwili, mwezi wa mwandamo na msimu, amekupa mwaka bila kuutaja. Bibi mmoja alimwambia mpwa wangu kwamba aliolewa "tukiwa tumetoka kufunga kwenye masika, futari tunapikia ndani kwa mvua." Ramadhani iliangukia kwenye masika makubwa, Aprili na Mei, kati ya 1954 na 1957, kisha haikurudi huko mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo bibi huyo alikuwa na wajukuu. Alipoongeza kwamba mumewe alichukua kadi ya TANU baada ya harusi, na TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, picha ikawa imekamilika kwa kiasi cha kuridhisha. Vivyo hivyo, atakayekuambia kwamba alisikia habari za Mapinduzi ya Zanzibar siku chache kabla ya kufunga, mwamini: tarehe 12 Januari 1964 ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani.

Programu za kugeuza tarehe zinafaa kwa kukagua hesabu yako tu. Zinakokotoa mwezi kwa kanuni, ilhali watu walifunga kwa kuuona, na mwandamo ungeweza kupishana kwa siku moja baina ya mji na mji. Usiandike siku kamili kwa kuitegemea programu peke yake. Itafute siku ya juma katika simulizi, kisha uilinganishe.

Hatua ya sita: uandishi

Katika maandishi weka kauli ya msimulizi kwanza, kisha tarehe ya Miladia, kisha sentensi moja inayoeleza ulivyoifikia. Msimamizi akikuambia sentensi hiyo inarefusha kazi, mwombe kwa adabu aiache.

Hatua ya saba: rudi barazani

Kabla ya kukabidhi tasnifu, mrudie kila msimulizi umsomee sehemu yake kwa sauti. Mpwa wangu alipomsomea yule bibi kwamba aliolewa mwaka 1955 au 1956, bibi alinyamaza, akahesabu kwa vidole majina ya wanawe waliokufa wachanga kabla ya Uhuru, akasema, "Andika ule wa mwanzo." Mpwa wangu akafuta namba ya pili kwa kifutio, palepale barazani.