Bachela pati ya nje Mwanza: jinsi ya kupanga siku nzima ziwani

Kuna dogo wa mtaani kwetu anaoa mwezi ujao, mpambe wake akanipigia anatafuta ukumbi wa bachela pati, nikamwambia kaka hela ya ukumbi iache kwanza, Ziwa Victoria lipo hapo. Nikakaa naye tukaipanga siku nzima ya nje. Naiweka hapa kwa wapambe wengine, maana najua kamati ya harusi ikishaanza vikao hakuna anayewakumbuka nyie.

Hatua ya 1: Watu na michango

Watu kumi au kumi na wawili wanatosha kabisa. Grupu la WhatsApp, mtu mmoja wa kupokea hela, na ambaye hajatuma mpaka siku tatu kabla haingii kwenye hesabu ya boti. Bwana harusi hachangii. Hela hii isikutane na michango ya harusi hata kidogo. Tarehe iwe wiki mbili kabla ya ndoa, sio siku ya kuamkia, mnataka aende kanisani au msikitini akiwa hajaungua jua usoni.

Hatua ya 2: Chagua shughuli kubwa moja

Mkiwa watu wa kutembea nendeni kisiwa cha Saa Nane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko hifadhi zote nchini, na ipo mjini hapa hapa, unapandia boti Capri Point. Mtaona swala, pundamilia, pimbi kwenye mawe, halafu mnapanda mwamba juu kabisa mnaliona jiji lote. Viingilio malizeni mapema kwa namba ya malipo, msiende na burungutu la noti mkadhani ndiyo mmemaliza.

Mkiwa watu wa ngoma, nendeni makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Ongeeni nao mapema muwekewe bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, halafu bwana harusi apewe jembe acheze na yeye. Hii pia ndiyo plani B yenu ziwa likichafuka, kwa hiyo namba yao muwe nayo tayari.

Lakini mimi ukiniuliza, kama hela inatosha kitu kimoja tu, kodi boti. Mzunguke mwamba wa Bismarck ule wa ziwani mpige picha, mshuke na maji kuelekea Luchelele, mchome samaki ufukweni, mrudi.

Hatua ya 3: Boti (soma hii yote tafadhali)

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, na hapa ndipo pa hatari, kwa hiyo nitaongea sana.

Kwanza muda. Jua likishapasha nchi kavu, upepo unaanza kutoka ziwani kuja huku, na mchana ukisogea mawimbi yanasimama. Usiku upepo unageuka na ngurumo nyingi za ziwani zinapigwa usiku mpaka alfajiri. Ndiyo maana mimi naondoka saa mbili au saa tatu asubuhi baada ya kuliangalia wingu, na saa nane mchana boti iwe imeshatia nanga. Ukiona weusi juu ya maji asubuhi, kaeni mnywe chai, subirini, hata kama kuna mtu anawaambia litapita. Utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa, uangalie jana yake jioni na uangalie tena asubuhi. Safari ya boti ya usiku na muziki, ambayo najua kuna mtu ataipendekeza kwenye grupu, kataa. Mbali na ngurumo, gizani kuna wavuvi wa dagaa na karabai zao na nyavu zimetandazwa, propela ikinasa mmeganda katikati ya ziwa.

Pili boti yenyewe. Mimi napenda ile ya mbao pana yenye turubai juu kuliko faiba ndogo ya mwendo kasi, inatulia na watu wanakaa wakitazamana wanapiga stori. Nenda ukaione kwa macho siku moja kabla, usikodi kwa picha. Muulize nahodha cheti cha ukaguzi cha TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, na idadi ya watu iliyoandikwa, na ukihesabu umhesabu na yeye na msaidizi wake, na friza la vinywaji nalo ni uzito. Kama boti ni ya kumi na mbili na nyie mko kumi na wanne, kodini mbili, hapo hamna mjadala. Mnakumbuka kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, ilipinduka ikiwa imejaza kupita kiasi na ilikuwa imeshakaribia kabisa gati la Ukara. Kwa hiyo kukaribia nchi kavu sio kufika, na wala msisimame wote upande mmoja eti mnataka picha ya Bismarck, pigeni kwa zamu.

Tatu laifu jaketi. Kila mtu na yake, na unaijaribu nchi kavu: mvalishe mtu, funga mikanda yote, halafu shika mabegani uvute juu kwa nguvu. Ikipanda mpaka masikioni hiyo itamvuka majini, kaza au badilisha. Bonyeza na lile sponji la ndani, likiwa limekatikakatika au limelowa usilikubali. Inavaliwa kuanzia mnapoondoka, haikaliwi kama mto.

Nne bei. Patana mafuta yakiwa ndani, lipa nusu, nusu mkirudi. Na nahodha hanywi, nyie wenyewe bia zifunguliwe mkishashuka.

Hatua ya 4: Samaki

Mmoja aamke alfajiri aende soko la samaki la mwaloni Kirumba. Sato, sio sangara, sangara kwenye moto wa mkaa ana mafuta mengi. Fungua shavu uone matamvua, yawe mekundu yanang'aa, jicho limejaa. Chumvi, ndimu, pilipili, moto wa taratibu. Kachumbari na ugali.

Hatua ya 5: Michezo

Mpira wa mchangani, waliooa dhidi ya mabachela, bwana harusi anacheza kipindi cha kwanza kwa mabachela na cha pili anahamia kule kwingine. Kuvuta kamba. Halafu kila mzee wa ndoa ampe neno moja, spika ikiwa imezimwa.

Kuogelea ni pale wenyeji wanapowaambia pako salama, mbali na matete na maji yaliyotuama, huko kuna konokono wa kichocho, na viboko na mamba nao wanapenda huko huko. Aliyekunywa asiingie.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Mkirudi mjini jua likiwa bado lipo pandeni mlima Capri Point mkalitazame likizama, halafu teksi au bajaji, hakuna mtu kuendesha. Washkaji wa Sengerema na Geita siku hizi hawana kisingizio cha kuwahi kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, ila kama wamekunywa walale mjini.

Na wote mlioingia majini, baada ya kama miezi miwili nendeni mkapime kichocho hata kama hamjisikii chochote. Dawa yake ipo, praziquantel, mnapewa kwa uzito wa mwili. Bwana harusi mkumbusheni zaidi, atakuwa ameshasahau na mambo ya ndoa.